Kipengele cha Tisa

Fomu ya ruzuku haiji kwa mkono, haiji kwa barua.
Huja mtandaoni na hurudi mtandaoni
kabla ya saa sita usiku, tarehe thelathini.
Kwa hiyo mimi, Bwire, mtendaji wa kijiji,
niliisunda simu ya ofisi ndani ya shati
nikapanda Jiwe.

Wageni wa Ukara huona jiwe tu, limekalia jingine
kama kuku aliyesahau mayai yake.
Sisi tunaliita Benki,
maana ni juu pale, upande unaotazama Ukerewe,
simu huamka, hutetemeka, humwaga ujumbe wa siku tatu.
Pana mahali pamelainika kwa makalio yetu.
Nusu hatua kushoto, hupati kitu.

Cha kwanza: jina la kijiji. Nikajaza.
Cha pili: kaya ngapi hazijafikiwa?
Nikaandika mia nne na kumi na mbili,
nikamkumbuka Nyabise, mjane aliyehamia juzi na mbuzi wake,
nikafuta, nikaandika kumi na tatu.
Cha sita: eleza hitaji la jamii. Maneno yasizidi hamsini.

Hamsini!
Nianzie kwa Nyangeta, muuguzi wetu,
aliyepanda hapa usiku wa mvua, tochi mdomoni,
kumpelekea daktari wa Bugando picha ya mguu wa mtoto,
ikapanda mstari kwa mstari,
kwanza goti, kisha kidonda,
na jibu likafika yeye ameshashuka?
Au kwa binti wa Majura, aliyejua amefaulu
siku kumi baada ya shangazi yake wa Nansio,
ambaye kuku wa pongezi alishamla?
Au kwa wanawake wa dagaa,
wanaouza gunia kwa bei ya juzi
kwa mtu aliyeipata ya leo, asubuhi, kutoka Kirumba?

Nikaandika: *Tunachelewa.*
Fomu ikajibu: yamebaki maneno arobaini na tisa.
Nikasema nitakirudia.

Ndipo cha tisa.
*Ambatisha ushahidi kwamba eneo lako halina mtandao.*

Nikacheka peke yangu, kunguru wakaruka.
Utaipigaje picha hewa?
Utautiaje ukimya muhuri wa kijiji?
Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wa kale,
lakini hawakusema alete kielelezo.

Nikashuka.
Mbele ya zahanati nikasimama nikiitazama simu,
vijiti vya mnara vikafa kimoja kimoja kama vibatari,
nikaipiga picha skrini: Hakuna huduma.
Shuleni, mlangoni pa chumba cha kompyuta sita
zilizofunikwa vitenge visiingie vumbi: Hakuna huduma.
Ufukweni, katikati ya vichanja vya dagaa,
Nyamumwi akanyanyua fagio, akauliza,
"Mtendaji, unapiga picha nini?"
"Hakuna," nikamwambia.
"Hakuna ngapi?"
"Tatu zatosha."

Nikapanda tena. Saa tano na dakika arobaini,
betri asilimia nane, magoti yote mawili yakinisema.
Nyangeta alikuwa ameketi pale palipolainika
na yake ya kutuma.
Alinitazama, akaitazama saa, akasogea.
"Kaa wewe. Langu lishazoea."

Picha zikapanda: kwanza paa la zahanati,
kisha kitenge, kisha kivuli cha Nyamumwi na fagio lake.
Tulikuwa tumelala kifudifudi, tukiukinga upepo kwa miili
kana kwamba upepo ndio ungeipeperusha.
*Ombi lako limepokelewa.* Nambari ndefu. Simu ikazima.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu.
Jibu, wanasema, litakuja kwa barua pepe,
basi kila Ijumaa napanda kuangalia kama limekuja.

Kile cha sita sikukirudia.
Nadhani kilikwenda hivyo hivyo, mezani kwa mtu fulani mwenye feni na kahawa:
neno moja,
na chini yake uwanja mweupe wa arobaini na tisa.